Baraza Ndani ya Kamba

Alasiri moja ya miaka ile ya hamsini haijanitoka kichwani, mwanangu, na kwa umri nilionao sasa sidhani kama itapata tena nafasi ya kutoka. Nilikuwa juu ya baiskeli, nakata mitaa ya Ngamiani kuelekea mjini. Usiniulize ilikuwa baiskeli ya aina gani. Ilikuwa imepita mikononi mwa watu wengi hata jina lake limefutika, na uzito wake ulikuwa wa kwamba ukiiegemeza kwenye nyumba, nyumba ndiyo inayosogea. Lakini ilikuwa na kengele. Kengele ile ukiipiga Tanga, watu wa Pemba wanapisha njia.

Basi kila nilipopita baraza ya wazee nilikuwa nailiza. Kring, nimepita. Kring, nimepita. Kwangu mimi ile ndiyo ilikuwa salamu, tena salamu ya kisasa. Nilipofika Barabara ya Kumi na Moja, penye baraza ya kinyozi, mkongojo ukanyooshwa mbele ya gurudumu langu kama ule mti wanaoshusha njiani treni ikipita. Mwenye mkongojo alikuwa Mzee Mwinjuma, baba mwenye nyumba wangu.

"Shuka," akasema.

Nikashuka.

"Kengele haisemi shikamoo. Ukimpita ng'ombe, mpigie kengele. Ukimpita mtu, mwamkie."

Wazee wenzake wakacheka mpaka kinyozi akamkata mteja pabaya. Nikawaamkia mmoja mmoja, na kuamkia kwa siku zile hakukuwa neno moja ukaondoka. Nikaulizwa hali yangu, hali ya mama yangu kule Moa, hali ya mihogo ya Moa, na karibu niulizwe hali ya pweza mmoja mmoja. Darasani nilifika mwalimu amekwisha kufuta ubao.

Sikuona neno la maana katika kukemewa kule. Niliona nimecheleweshwa tu. Ngoja sasa nikusimulie lililofuata, ndipo utajua kwa nini mpaka leo nikipita mtu aliyekaa nasimama.

Nilikuwa kijana wa Moa niliyekuja Tanga kutafuta kazi, nikaipata kwenye ghala la mkonge kule bandarini. Mchana nabeba mkonge, jioni nasoma shule ya usiku ng'ambo ya reli, ambako baadaye nilimaliza, na kama ungeniona siku ya kumaliza ungedhani nimeteuliwa gavana. Nilipanga chumba cha mbele kwa Mzee Mwinjuma na mkewe Bi Mize, Barabara ya Kumi na Tisa. Nyumba ya udongo na fito, imepakwa chokaa, ukumbi katikati, vyumba huku na huku. Dirisha langu lilitazama barabarani, na chini ya dirisha, kwa nje, ndipo palipokuwa na baraza.

Mji usio na ndugu yako ni mpana sana, mwanangu. Niliweza kushinda siku nzima bila kuitwa jina. Kule ghalani nilikuwa "wewe", darasani nilikuwa "yule wa nyuma". Lakini jioni za mapumziko nikijilaza kitandani, watu wamekaa kwenye ile baraza, mgongo wa mtu umeegemea ukuta ule ule ninaouegemea mimi kwa ndani, nasikia mazungumzo yao kama nami nimo. Nilikuwa najua nani ameposa na nani amekataliwa, na habari ya papa aliyeonekana Mwambani, ambaye kila aliposimuliwa aliongezeka urefu. Mimi mwenyewe nilipomsimulia Moa nilimwongeza kidogo.

Sasa sikiliza habari ya mji wenyewe. Ngamiani ilipimwa kwa kamba, zamani kabla sijazaliwa. Sheria ilisema barabara zinyooke, nyumba ziachiane vipenyo, upepo upite, na mtu apite. Ndiyo maana barabara zake zinaitwa kwa hesabu, ya Kwanza, ya Pili, mpaka unachoka. Ukitoka nyumbani huoni ukuta wa kukuzuia, unaona njia. Sisi tulidhani tunatembea kwa sababu ni watu wa miguu. Kumbe tulitembea kwa sababu kuna mtu alikaa akaandika kwamba njia ziwepo.

Juu ya sheria hiyo watu wakaongeza la kwao, zile baraza za nje. Kila mwenye nyumba alijenga mbele ya ukuta wake kiti kirefu cha udongo na mawe, akakipaka chokaa. Na hapa ndipo penye jambo ambalo vijana mnaoishi kwenye mageti hamlijui. Ndani ya nyumba ya mtu huingii bila hodi, na kama mwenyewe hayupo, mkewe yuko peke yake, hata hodi hupigi. Lakini baraza haina hodi. Mtu asiyekujua anakuja, anakaa, anafuta jasho, anaondoka. Akikaa sana analetewa maji.

Mzee Mwinjuma alikuwa na goti bovu. Alianguka kutoka juu ya mnazi ujanani, na kwa maelezo yake mnazi huo ulikuwa mrefu kiasi cha kwamba alipoanguka alipata muda wa kutubu dhambi zote. Lakini kila siku, akishasali alasiri, alitoka Barabara ya Kumi na Tisa akaenda mpaka Barabara ya Tatu kwa rafiki yake, Mzee Salehe, Mwarabu aliyekuwa akiuza tende zamani. Huko walicheza bao. Walicheza tangu wote wawili wana meno.

Mwendo ule kwa goti lile usingewezekana, mwanangu, kama si zile baraza. Alikuwa akienda kwa vituo kama treni. Anakaa kwa muuza kahawa, anamtania. Anakaa kwa fundi cherehani, anamwambia kanzu yake ya Idi iliyopita bado inambana. Anakaa kwa kinyozi. Hadi anafika, goti halijajua kwamba limetembezwa. Na Mzee Salehe naye, mwenye kifua kibaya, siku akijisikia nafuu alikuja huku kwetu kwa njia ile ile, kituo kwa kituo.

Kisha mwaka mmoja ikapigwa mbiu. Magari yanaongezeka, barabara zitapanuliwa na kuchimbwa mitaro, na kwa sheria mpya ya mji chochote kilichojengwa nje ya mpaka wa kiwanja kivunjwe.

Hapo huwezi kumlaumu mtu. Mitaro ilitakiwa, masika yakija Ngamiani tulikuwa tunaishi na vyura kama wapangaji wenzetu. Na gari kila mtu alilitamani, hata asiyekuwa na baiskeli. Tulifurahi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mbona kilichoko nje ya mpaka, nyumba hadi nyumba, ni baraza.

Aliyekuja kupima kwetu alikuwa Bwana Yonathani, kijana Msambaa kutoka milimani, Mlutheri, mtu wa adabu nyingi. Alimwamkia Mzee Mwinjuma kabla hajafungua kamba, nikaona mzee anamtazama kwa upendo zaidi kuliko alivyonitazama mimi siku ya kengele. Akapiga vijiti, akavuta kamba, ikapita sawasawa juu ya ukuta wa mbele.

"Baba, baraza yako yote iko nje ya kamba," akasema, na alisema kama mtu anayetoa habari ya msiba.

"Na ndani ya kamba je?" akauliza Mzee Mwinjuma.

"Ndani ya kamba ni kwako. Hata ukifuga ngamia, ni juu yako na majirani."

Mzee akacheka. Akaomba sururu, akaipiga baraza yake kwa mkono wake mwenyewe, maana hakutaka iwe mtu wa serikali amemvunjia nyumba. Majirani walipomwona yeye amevunja, wakavunja. Ikawa mashindano. Mtaa wetu ulijisifu kwamba umemaliza kabla ya Barabara ya Kumi na Nane. Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Ukitupa amri tunaifanya ngoma. Ndani ya siku chache Ngamiani yote ilinyooka, nyeupe, safi kama kaburi jipya.

Jioni ya kwanza nilijilaza kitandani nikaegemea ukuta. Nikasubiri. Hakuna mgongo upande wa pili. Nilisikia miguu ya watu ikipita, inakuja, inapita, inakwisha. Sikuwahi kujua kwamba miguu ya watu ina sauti ya upweke namna hiyo.

Mzee Mwinjuma alitoka siku ya pili kwenda Barabara ya Tatu kama kawaida. Akafika Barabara ya Kumi na Tano, akasimama. Kwa muuza kahawa hakuna baraza. Muuza kahawa mwenyewe amehamia sokoni. Akaegemea ukuta wa nyumba moja, mwenye nyumba akatoka kuuliza kama mzee anaumwa. Akaona haya, akageuka. Tangu hapo hakwenda.

Bi Mize alikuwa mwanamke wa kusema. Akamwambia mbele yangu, "Bwana, si upige hodi kwa watu ukae? Nani Ngamiani asiyekujua?"

"Nipige hodi kwa mke wa mtu, mumewe yuko kazini, niseme nini? Miye nimeleta goti?"

Bi Mize akamwambia hapo amemshinda, na hilo lilikuwa jambo la kuandikwa kwenye vitabu vya historia.

Nami nikajitia kuwa msaidizi. Kwanza nilimwambia nitamfuata nyuma na kigoda, akichoka akae. Tukajaribu. Alikaa pale katikati ya mtaa, jua linampiga, mimi nimesimama nyuma yake kama mlinzi wa sultani. Mama mmoja akapita na mwanawe mgonjwa, akadhani ni mganga, akataka kupanga foleni. Mzee akainuka. Akasema kukaa peke yako si kukaa, ni kusubiri.

Basi nikampakia kwenye keria ya baiskeli. Hapo ndipo nilipoona nimefanya la maana. Nilikanyaga pedeli kwa nguvu zote za Moa, nikaruka mashimo, nikapiga kengele, na kabla moto wa sigara haujazima nimemshusha mlangoni kwa Mzee Salehe. Wazee wakakumbatiana. Walicheza mabao mawili. Wakati wa kurudi nikamuuliza kama amefurahi, nikitaka kusifiwa.

Alikuwa amenishika kiuno kwa nyuma, sikumwona uso. Tulikuwa tumekwisha kupita barabara mbili.

"Umenifikisha," akasema. "Hukunitembeza."

Nikamwambia ni yale yale, baba.

"Si yale yale. Watu wangu wote nimewapita kama maiti. Nimeona wanainua mkono, mkono haujafika juu, weye umekwisha kupita. Na hili goti sasa hivi limekufa ganzi. Kesho nenda zako shule."

Hakupanda tena. Goti nalo, lisipotumika, likaanza kusahau kazi yake. Asubuhi alihitaji mkono wa mtu kuinuka kwenye mkeka. Alikaa ukumbini, amegeukia mlango, anatazama kile kipande cha barabara kinachoonekana mlangoni, mtu akikatiza anakuwa wake kwa hatua mbili tatu kisha anatoweka. Bi Mize akaniambia jikoni, kwa sauti ambayo sikuijua kwake, kwamba mumewe ameanza kuzungumza kuhusu sanda. Hapo nikaogopa. Maana katika mji ule mzima mtu pekee aliyewahi kunisimamisha njiani akaniambia jambo kwa faida yangu alikuwa yeye.

Nikabuni bao la kupelekana. Mzee Mwinjuma ana ubao wake, Mzee Salehe ana wake, kete zimepangwa sawa. Mimi nikitoka kazini naambiwa mzee kacheza hivi, nikienda shule napita Barabara ya Tatu namweleza Mzee Salehe, naye anacheza, nami kesho narudisha jibu. Ajabu yake ni kwamba nilikuwa nasahau njiani. Natoka huku na mchezo wa akili, nafika kule nimebaki na nusu, nusu nyingine naibuni mwenyewe. Mzee Salehe akanitazama akasema, "Huyu Mwinjuma ama amerukwa na akili ama anatumia kichwa chako." Na Mzee Mwinjuma alipoletewa jibu alisema, "Mwambie asiibe." Nikapeleka. Mzee Salehe akasema, "Mwambie mwizi ni babu yake." Nikaleta. Lakini tusi likikaa usiku kucha linapoa, halichekeshi tena. Bao bila kejeli ya papo kwa papo ni kuhesabu kete tu. Lile bao halikuisha. Lilikufa katikati, kete zikabaki kwenye mashimo, Bi Mize akawa anazipangusa vumbi.

Siku moja nikarudi kazini nikamkuta Mzee Mwinjuma amesimama nje, ameegemea mkongojo, anatazama ukuta wa chumba changu kwa namna ambayo sikuipenda.

"Yule kijana wa kamba alisema ndani ya kamba ni kwangu," akasema.

Nikajibu ndivyo alivyosema.

"Basi ukuta huu nitaurudisha ndani. Urefu wa mkono. Nafasi itakayobaki mbele iko ndani ya kamba yangu, chini ya paa langu. Nijenge baraza pale, sheria itasema nini?"

"Itasema ni kwako, baba. Lakini hicho ni chumba changu."

"Kitapungua," akasema. "Weye hukai sana."

Bi Mize akapaza sauti kutoka ndani, amsikilize na yeye. Baraza mbele ya nyumba yake mwenyewe itamsaidia nini mzee, na nyumbani tayari amekaa? Anayehitaji baraza ni aliye mbali na kwao. Nami nilikuwa nimewaza hivyo hivyo, sikuthubutu kusema.

"Ndiyo," akajibu. "Ya kwangu ni ya Salehe. Ya Salehe ndiyo itakuwa yangu."

Nimesoma shule ya usiku mpaka mwisho, mwanangu, na tangu hapo nimesoma magazeti mengi kuliko gazeti lenyewe linavyojijua, lakini elimu ya kujenga mji sijaisikia ikisemwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Alimwita Bwana Yonathani kabla hajagusa fito, maana hakutaka kushindana na sheria, alitaka kukaa ndani yake. Yonathani akaja, akavuta tena kamba yake, akatazama, akatabasamu, akaenda kuwaeleza wakubwa wake, akarudi na ruhusa. Alisema kule ofisini hawakuona ubaya wake. Sheria ilikuwa imeandikwa kulinda njia ya magari, kukaa kwa watu haikukataza, ilikuwa imesahau tu. Tukavunja ukuta, tukaurudisha. Chumba changu kikabaki chembamba kiasi kwamba nikitaka kugeuka kitandani ilibidi kwanza nitoke nje nigeukie huko. Lakini mbele ya nyumba ikapatikana baraza, nyeupe, na kivuli cha paa juu yake.

Na hakuna aliyekaa.

Hilo ndilo lililoniuma. Watu walikuwa wamekwisha kuzoea kupita. Mzee Mwinjuma alitoka kila alasiri na ubao wa bao, akaupanga, akakaa upande mmoja, upande wa pili mtupu, na barabara imenyooka mbele yake mpaka macho yanachoka. Waliopita walimwamkia bila kusimama. Jioni mimi ndani nilisikia mgongo mmoja tu ukiegemea ukuta. Na mgongo mmoja hauzungumzi.

Siku moja nikaiacha baiskeli ndani. Nikatembea kwenda shule. Nikapita kwa fundi cherehani nikasimama, nikamwamkia, nikamweleza habari ya ukuta. Nikapita kwa kinyozi. Nikafika kwa Mzee Salehe nikamwambia maneno ya mzee kama yalivyo, safari hii bila kusahau hata nusu: ya kwangu ni ya Salehe, ya Salehe ndiyo itakuwa yangu. Akavuta pumzi, na pumzi yake ilikuwa na filimbi ndani. Akasema Mwinjuma siku zote amekuwa mjinga. Wiki iliyofuata alikuwa anavunja ukuta wake.

Kinyozi akafuata, kwa kuwa wateja wake walikuwa wanasubiri wamesimama. Fundi cherehani akasema ukuta haurudishi, ila aliweka benchi ndani ya mlango wake, mguu mmoja wa benchi ukichungulia nje ya kamba, na Bwana Yonathani kila akipita alikuwa anatazama mawinguni. Nyumba hapa, nyumba pale. Hazikurudi zote. Tangu Barabara ya Kumi na Nane mpaka ya Kumi na Nne palibaki pakavu, na upande wa Mzee Salehe vilevile palikuwa na kipande kirefu cha kuta tupu.

Kwa hiyo hawakuweza kufikiana majumbani. Lakini jioni moja baada ya masika Mzee Mwinjuma aliinuka kutoka kwenye baraza yake, akaanza kutembea, kilema chake kinamvuta, mimi nyuma yake na ubao wa bao kichwani. Alipita pale pakavu kwa kuuma meno. Akakaa kwa fundi, akapumua. Akafika kwa kinyozi, Barabara ya Kumi na Moja. Na kule mbele, mwanangu, kutoka upande wa mjini, nikaona kanzu nyeupe inakuja, inasimama, inakuja. Mzee Salehe alikuwa ametoka kwake saa hiyo hiyo, hakuna aliyemwambia. Walikutana kwenye baraza ya kinyozi, katikati ya safari zao, wote wawili hawana pumzi hata ya kutukanana. Wakakaa. Baada ya muda Mzee Salehe akasema, "Panga kete, mwizi."

Kinyozi alilia. Alisema ni nywele zimemwingia machoni.

Hapo ndipo walipokutania kila siku tangu jioni ile, mwaka ule na uliofuata. Goti likakumbuka kazi yake. Habari ya sanda ikaachwa. Baraza za watu zikajaa tena, na mimi kwenye chumba changu chembamba nikawa nasikia migongo, na papa wa Mwambani akawa amefikia urefu wa meli ya barua.

Sasa mwisho wake.

Ilikuwa siku ya kaskazi, upepo mkavu. Nilipita kwa Mzee Salehe nikitoka kazini, nikakuta viatu vingi mlangoni na wanawake wanalia ndani. Kifua kilikuwa kimemzidi tangu alfajiri. Mjukuu wake akaniomba nipeleke habari. Nilikuwa na baiskeli. Ningeweza kufika kabla vumbi halijatua. Lakini nilipoishika usukani nikashindwa kuipanda. Nikaikokota, barabara hadi barabara, nikipita kwenye kuta tupu zile zile alizokuwa akipita yeye kwa kusimama, na nadhani nilisimama palepale alipokuwa akisimama.

Mzee Mwinjuma alikuwa amekwisha kufika kwa kinyozi. Kete amezipanga. Alitazama upande wa mjini kama alivyozoea, akatazamia kanzu nyeupe, akaniona mimi, nakokota baiskeli.

Nikaiegemeza baiskeli ukutani. Aliponiona natembea, alijua.

Akazikusanya kete moja moja kutoka upande wa pili wa ubao, akazitia mfukoni mwa kanzu. Za upande wake akaziacha. Kisha akasogea kidogo kwenye baraza, akagonga nafasi iliyo kando yake kwa kiganja.

"Kaa," akaniambia. "Pumzika kwanza. Ndiyo maana ipo."

Nikakaa. Kisha tukaondoka, akatembea kwa miguu yake mpaka Barabara ya Tatu kumzika rafiki yake. Kipande kile cha kuta tupu alipita ameniegemea mimi. Alipofika kwenye baraza ya Salehe, ile iliyojengwa kwa ajili yake na asiyowahi kuifikia wakati Salehe yu hai, akakaa juu yake mara ya kwanza. Akaulaza mkongojo juu ya goti lake. Jeneza lilipotoka alikuwa wa kwanza kuinuka.

Mwanangu, nimezeeka. Naishi Raskazone kwa mtoto wangu, nyumba nzuri, ukuta mrefu, geti lenye mlinzi. Barabara zake ni pana na zina lami, na nikitoka getini sina pa kukaa mpaka nirudi kitandani. Kwa hiyo sitoki. Nauzunguka ua kama punda wa kinu cha mafuta, nikimwamkia mlinzi kila mzunguko, na yeye kijana wa watu ananiitikia kila mara kama ni mara ya kwanza. Daktari ananiambia nitembee. Namwambia nipe njia, nipe na pa kutua, nitafika Moa kabla ya wewe kumaliza kuandika dawa.

Nasikia wewe umesoma mambo ya kupima miji, na siku moja utaketi kwenye meza zinakoandikwa sheria. Basi chukua hili kutoka kwangu. Sheria ikiandika njia, watu watatembea. Ikisahau pa kupumzika, watakaotembea ni wenye nguvu peke yao, na waliobaki watakaa majumbani kutazama mlango, na watu watasema ni uzee. Kabla hujavuta kamba, uliza nani anakaa hapo unapopitisha kamba yako. Ukikuta sheria imekwisha kuandikwa, usiivunje wala usinung'unike tu. Tazama ndani yake kama hapana nafasi ya urefu wa mkono. Na ukijenga nyumba yako, rudisha ukuta kidogo. Usiangalie kama wewe utapakalia. Yupo mtu usiyemjua, yuko njiani, goti linamuuma.

Na ukimpita aliyekaa, shuka, umwamkie.

Mungu akupe miguu isiyochoka mapema, na ikichoka, ikuchokee mbele ya nyumba ya mtu aliyekufikiria. Akujaalie rafiki wa kukutana naye katikati ya njia, na siku akikawia, asikosekane mtu wa kukuambia kaa. Amin, mwanangu. Sasa nenda, lakini nenda kwa miguu.